Kuandaa Jioni ya Densi ya Majaribio na Mazungumzo ya Wazi: Mwongozo Kamili

Mara nyingi mambo huenda hivi: miezi miwili inatumika kuhangaikia densi, na dakika tano kufikiria mazungumzo yatakayofuata. Onyesho linakwisha, meza inaburutwa hadi katikati, viti vitatu, kipaza sauti kimoja, na mwendeshaji anauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya. Kisha anasimama mtu mmoja na kuhutubia dakika saba, huku mcheza densi aliyelowa jasho akijikunyata kwa baridi na watu wa nyuma wakitafuta funguo zao.

Hapa tunayachukulia mazungumzo kuwa sehemu ya onyesho. Yanataka sakafu yake, mwanga wake, muda wake na mazoezi yake. Yanataka pia kanuni moja ambayo nyingine zote zinazaliwa nayo: watu waanze kwa kusema walichokiona, kabla hawajasema walichokipenda au walichodhani kina maana gani.

Sababu ni rahisi. Densi ya majaribio mara nyingi haina hadithi wala hatua zinazojulikana. Ukimuuliza mtazamaji "umeelewa nini?", anajiona yuko kwenye mtihani na ananyamaza. Lakini sentensi kama "mkono wake wa kushoto ulibaki juu muda mrefu, kisha ukaanguka kama si wake" mtu yeyote anaweza kuisema, awe amesoma sanaa au hajawahi kuingia ukumbini. Na msanii inamfaa sana, kwa sababu inamwambia jicho la mtu lilikwenda wapi.

Njia hii ina historia. Mwaka 1960, mwanamuziki Robert Dunn alianza kufundisha utunzi wa densi katika studio ya mtunzi wa densi Merce Cunningham, New York. Aliyeonyesha kazi darasani hakuambiwa kama ni nzuri au mbaya; mazungumzo yalihusu imetengenezwaje. Wanafunzi wake, miongoni mwao Yvonne Rainer na Steve Paxton, walionyesha kazi zao kwenye kanisa la Judson Memorial la jijini humo tarehe 6 Julai 1962, na darasa lilipokwisha waliendelea kukutana kila wiki kuonyeshana na kuchambuana. Mengi tunayoyaona leo jukwaani, mtu kutembea kama anavyotembea barabarani, kukimbia, kubeba vitu, yalipata nafasi yake katika mikutano ile. Mazungumzo yalikuwa karakana ya densi zenyewe.

Kwanza amua mazungumzo ni ya nani

Kuna makusudi matatu, na jioni moja hubeba moja tu vizuri. Huenda msanii ana kazi ambayo haijakamilika na anataka macho ya wengine. Huenda kazi imekamilika na unataka watazamaji wapate njia ya kuingia ndani yake. Au wasanii wenyewe wanataka kubishana kuhusu fani mbele ya watu: mwili, mafunzo, pesa, nani anaruhusiwa kucheza nini.

Ukichanganya, kila mmoja ataondoka na nusu. Msanii wa kazi changa atajikuta anaitetea badala ya kuisikiliza, na mtazamaji wa mara ya kwanza atajikuta katikati ya ugomvi wa kitaalamu asioujua chanzo chake. Andika kusudi kwa sentensi moja kwenye tangazo: "Baada ya onyesho msanii atawauliza watazamaji maswali matatu kuhusu kazi anayoendelea kuitunga." Anayekuja atajua anakuja kufanya nini.

Muda wa jioni

Jioni nzima isizidi muda wa saa mbili. Mpango unaofanya kazi ni huu: milango inafunguliwa dakika 30 kabla, kazi tatu za dakika 10 hadi 15 kila moja, au kazi moja ya dakika 40, mapumziko ya dakika 12, kisha mazungumzo ya dakika 45. Kati ya kazi na kazi weka dakika 5 za kubadilisha vifaa, na zihesabu, maana ndizo humeza ratiba.

Mapumziko hayo usiyafute hata mkichelewa. Mtu aliyetoka kucheza anapumua kwa nguvu, mapigo yake ya moyo yako juu, na misuli inaanza kupoa. Anahitaji maji, nguo kavu, soksi, na dakika chache za kutembea na kujinyoosha taratibu. Ukimkalisha mara moja, maungo yanakakamaa na majibu yanakuwa ya neno moja moja. Watazamaji nao wanahitaji kusimama na kuguna kidogo na jirani. Mazungumzo mazuri huanzia kwenye foleni ya maji.

Kazi tatu zikiwa za watunzi watatu, usiwakalishe wote pamoja wajibu kwa zamu. Aliyecheza kwanza atakuwa amesahaulika. Ama weka dakika 15 za mazungumzo baada ya kila kazi, ama uchague swali moja linalogusa kazi zote tatu na kila mtunzi aliingie kwa mlango wake.

Sakafu

Hapa usifanye haraka. Mcheza densi anaweza kuvumilia taa mbovu. Sakafu mbovu inamuumiza, na madhara huonekana baada ya siku kadhaa kwenye miundi, magoti na kiuno. Zege tupu, au vigae vilivyolala juu ya zege, havifai kuruka wala kuanguka. Kapeti juu ya zege haisaidii: inakamata mguu wakati wa kugeuka huku goti likiendelea na safari yake, na inachubua ngozi kwa anayeteleza chini.

Kinachotakiwa ni sakafu inayonesa. Kama ukumbi hauna, inajengeka kwa matabaka. Chini weka vipande vya mpira mzito au sponji ngumu vya sentimita 10 kwa 10, vikipishana kwa sentimita 30 hivi kila upande. Juu yake plaiwudi ya milimita 12, kisha tabaka la pili la plaiwudi ya milimita 12 likilazwa kwa mwelekeo tofauti ili maungio ya juu yasikae juu ya maungio ya chini. Funga matabaka mawili kwa skrubu na uzamishe vichwa vyake. Skrubu isipite hadi kwenye zege, maana hapo umeishika sakafu na haitanesa tena. Ukikosa uwezo wa kujenga, mwambie msanii mapema, kwa uwazi, ili abadilishe mirukano. Usimwache akagundue siku ya mazoezi.

Juu ya mbao hutandazwa vinaili ya densi. Huja katika mikunjo yenye upana wa kati ya mita 1.5 na 2. Kwa eneo la mita 8 kwa 8, ukiwa na vinaili ya upana wa mita 2, utahitaji vipande vinne vya mita 8, na utakuwa na maungio matatu. Hesabu ya utepe ni hii: maungio matatu mara mita 8 ni mita 24, pembezoni kote ni mita 32, jumla mita 56. Rola moja ya mita 33 haitoshi. Nunua mbili, na ya tatu ya akiba. Utepe uwe wa upana wa sentimita 5.

Kunjua vinaili siku moja kabla na uiache ilale yenyewe, kwani iliyokunjwa muda mrefu ina mawimbi. Kingo zikutane bila kupandana, zikiacha upenyo wa milimita moja au mbili, kwa sababu joto la taa huipanua. Unapobandika utepe usiuvute. Utepe uliovutwa hurudi taratibu katika hali yake, na kufikia jioni umejikunja pembeni na kufanya mdomo unaonasa kidole gumba cha mguu. Anzia katikati ya ungio, uende kulia, urudi katikati, uende kushoto, ukiusugua kwa kitambaa.

Kusafisha: maji safi na ufagio wa kitambaa uliokamuliwa hadi karibu kukauka, saa mbili kabla ya onyesho. Sabuni ikibaki hutengeneza utelezi. Unga au mafuta ni marufuku. Mwisho vua viatu, utembee eneo lote ukiburuta nyayo polepole. Mguu peku utakuta kibanzi ambacho jicho halikukiona. Hilo lifanywe na mtu mmoja, kila siku, na jina lake liwe kwenye ratiba.

Watazamaji wakae wapi

Densi ya majaribio huishi sana chini: watu wanabingirika, wanalala, wanatambaa. Kwenye ukumbi tambarare, mtu wa safu ya tatu hataona chochote kilicho chini ya usawa wa kiuno. Kisha mtamuuliza ameona nini.

Panga safu tatu za vimo tofauti: ya kwanza mito na mikeka, ya pili viti vya kawaida vya sentimita 45, ya tatu viti virefu au benchi zilizoinuliwa hadi sentimita 75. Safu ya nne usiiweke. Watu wakizidi, ongeza upande. Eneo la mita 8 likizungukwa pande tatu, kila upande hubeba viti 14 kwa safu, kwa hesabu ya sentimita 55 kila kimoja. Safu tatu kwa pande tatu ni nafasi 126. Ukiondoa njia na nafasi za viti vya magurudumu, unabaki na takribani 100. Kwa mazungumzo, 100 ni nyingi tayari. Kati ya 30 na 60 ndiyo idadi ambayo sauti ya mtu inafika bila kipaza sauti.

Njia ziwe na upana wa mita 1.2. Nafasi ya kiti cha magurudumu ni sentimita 90 kwa 140, na ziwepo sehemu zaidi ya moja, pamoja na safu ya mbele, ili mtu achague akae na nani. Mkalimani wa lugha ya alama asimame pale ambapo anayemtazama anaona pia densi, akiwa na taa yake ndogo isiyozimwa. Kwa jioni ya saa mbili, wawe wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 15 au 20. Wape wote wawili majina ya watu na istilahi za densi wiki moja kabla; maneno kama "kuachia uzito" yana maana ya pekee kwa wacheza densi na hayafai kubahatishwa.

Faida nyingine ya umbo la pande tatu ni kwamba watazamaji wanaonana nyuso. Mapumziko yakiisha, msanii na mwendeshaji wakae upande ule wa nne, kwenye viti vilevile walivyokalia wengine, bila meza. Kikao kinakuwa baraza, hakionekani kama mahakama.

Taa na sauti

Taa ya mbele peke yake huubapisha mwili ukaonekana kama picha ya ukutani. Kinachouchonga ni mwanga wa pembeni. Ukiwa na taa nane tu, weka sita pembeni, tatu kila upande, kwenye vimo vitatu: sentimita 30 kutoka chini kwa miguu na anayelala, mita 1.2 kwa kiwiliwili, na mita 2 kwa kichwa na mikono iliyoinuliwa. Mbili zilizobaki zije mbele kwa pembe ili nyuso zisipotee.

Umeme uhesabiwe. Taa ya wati 1,000 kwenye volti 230 hula takribani ampea 4.3. Sakiti ya ampea 16 hubeba taa tatu kwa usalama. Ya nne inazidisha mzigo na inaweza kuangusha swichi, tena katikati ya kazi kwa sababu ndipo zote zinawaka kwa pamoja. Taa za LED hupunguza mzigo huo sana. Mitambo ya sauti iwe kwenye sakiti yake, mbali na vififishi vya taa, la sivyo spika zitavuma kila taa inapopungua.

Usizime kabisa taa za watazamaji. Zipunguze hadi robo ya nguvu yake wakati wa densi, kama mtunzi anakubali, na zipande hadi nusu kabla ya makofi kuisha. Mtu aliyekaa gizani saa nzima kisha akamulikwa ghafla huwa anajificha.

Muziki uwe kwenye kifaa chenyewe, na nakala ya pili kwenye kifaa kingine. Usitegemee intaneti. Simu ikitumika, iwekwe kwenye hali ya ndege, kwani mlio wa ujumbe hupita kwenye spika kubwa bila huruma. Kwa mazungumzo andaa vipaza sauti vitatu: kimoja cha msanii, viwili vya kuzunguka kwa watazamaji, vyote na betri mpya. Jaribu kila kimoja mahali kitakapotumika. Kikisogea mbele ya spika kitapiga filimbi, hivyo chora kwa utepe mstari ambao mbebaji hauvuki.

Ridhaa, matangazo na malipo

Onyo la yaliyomo liandikwe wazi mlangoni: utupu, mwanga unaomulika kwa kasi, kelele kubwa, damu, matendo ya ukatili. Sentensi moja yatosha. Haiharibu kazi, inamwezesha mtu kubaki.

Wacheza densi wakiwa watagusa watazamaji au kuwaita jukwaani, ridhaa ipatikane kabla. Njia nyepesi ni utepe wa rangi mkononi: aliyevaa yuko tayari, asiyevaa haguswi. Mtu anaweza kuuvua wakati wowote. "Atasema hapana kama hataki" si ridhaa, kwa sababu macho ya watu hamsini humfunga mtu mdomo.

Kuhusu picha, muulize mtunzi kwanza, halafu tangaza uamuzi. Jibu zuri la kati ni kuruhusu picha bila fleshi katika dakika tano za mwisho tu. Mwenye utupu jukwaani alindwe kwa kukusanya simu mlangoni na kuzipa namba, siyo kwa ombi la mdomo.

Malipo yaandikwe kabla ya mazoezi: kiasi cha onyesho, kiasi cha mazungumzo, usafiri, nani analipia haki za muziki, na siku ya kulipwa. Mazungumzo ni kazi. Msanii anayeombwa abaki saa nzima akijibu maswali, mwili ukiwa umechoka, anafanya kazi ya pili usiku uleule. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo huachwa kila mara, na wasanii wachanga huona haya kulidai.

Mwendeshaji na maandalizi yake

Mwendeshaji awe ameiona kazi angalau mara mbili kabla ya onyesho, mara moja akiwa kimya na mara moja akiandika. Akutane na mtunzi kwa dakika 40 wakakubaliane mambo matatu: maswali ambayo mtunzi anayatamani, eneo ambalo hataki kuliingia, na ishara ya siri ya "tuhamie jingine". Kugusa sikio yatosha.

Aje na maswali matano yaliyoandikwa, akijua atatumia mawili. Lililo bora hutaja kitu kimoja kilichoonekana. Lenye kuua mazungumzo ni lile refu lenye jibu ndani yake. Linganisha. "Je, ungesema kazi hii inahusu upweke wa mtu wa leo katika jamii inayobadilika?" Msanii atajibu ndiyo, au hapana, na yameisha. "Katika sehemu ya pili ulitembea ukiwa umetupa mgongo kwa dakika nne, mgongo ulikuwa unasikiliza nini?" Hapa lazima afikirie, na watazamaji wote wanarudi na kuuona ule mgongo.

Dakika 45, hatua kwa hatua

Dakika 0 hadi 3. Mwendeshaji anamtaja msanii, anaeleza utaratibu na muda wa kumaliza. Asisome wasifu, uko kwenye karatasi.

Dakika 3 hadi 6. Kila mtu amgeukie jirani na kumwambia kitu kimoja alichokiona ambacho kimebaki machoni. Kitu, siyo maoni. Ukumbi utavuma kama mzinga wa nyuki, na huo ni muziki mzuri. Aliyekwisha kusema mbele ya mtu mmoja hatapata taabu kusema mbele ya hamsini.

Dakika 6 hadi 16. Vitu vikusanywe, sentensi moja kwa mtu. Msanii anasikiliza tu, hajibu, hata akitamani. Mtu akisema "nilipenda sana", mwendeshaji anauliza kwa upole: "Jicho lako lilikuwa wapi ulipopenda?" Akisema "sikuelewa", aulizwe: "Ulianza kupotea wapi?" Majibu ya swali hilo la pili ni dhahabu kwa mtunzi. Watu sita wakitaja sehemu ileile, amejua mahali pa kurudi na patasi.

Dakika 16 hadi 26. Msanii anauliza. Maswali mawili, yaliyoandaliwa, mahususi: "Ukimya baada ya mlio wa kwanza ulikuwa mrefu kiasi gani kwako?" Asiulize "mmeionaje?", kwa kuwa hilo linaomba sifa na litapewa sifa.

Dakika 26 hadi 38. Watazamaji wanauliza, kwa maswali yasiyobeba hukumu. Hili hufundishwa palepale. Mtu atauliza, "Kwa nini ile sehemu ya kutembea ilichosha hivyo?" Mwendeshaji anamsaidia kuligeuza: "Urefu wa sehemu ya kutembea uliuamuaje?" Habari ni ileile, lakini msanii hana haja ya kujikinga, kwa hiyo atasema ukweli, pengine hata kwamba na yeye ana shaka nao.

Dakika 38 hadi 43. Dakika mbili za densi zirudiwe, zile zilizotajwa zaidi. Tunaipenda hatua hii kuliko zote. Watu wanaitazama tena wakiwa na macho ya wenzao, na ukumbi unanyamaza kwa namna tofauti kabisa na mwanzo. Msanii akiwa amechoka, arudie kwa nusu ya nguvu, haipungui kitu.

Dakika mbili za mwisho ni za shukrani na maelekezo ya kutoka. Malizia kwa wakati hata kama mikono iko juu. Wenye hamu watabaki wakizungumza wamesimama.

Utaratibu huu umekopa mengi kwa Liz Lerman, mtunzi wa densi wa Marekani aliyeanzisha mwaka 1990 njia ya hatua nne ya kutoa mrejesho: kwanza kilichogusa, pili msanii anauliza, tatu maswali yasiyo na upande, nne maoni kwa ruhusa. Hatua ya nne inafaa kazi changa. Mtazamaji husema, "Nina maoni kuhusu mavazi, ungependa kuyasikia?" na msanii ana haki ya kukataa. Kukataa huko kusichukuliwe kama kiburi. Huenda mavazi yatabadilika kesho.

Maumbo mengine

Kwa jioni ya kujadili fani, umbo la meza ndefu la msanii wa maonyesho Lois Weaver hufanya kazi vizuri: meza moja katikati iliyotandikwa karatasi kubwa na kalamu, viti kumi au kumi na viwili, na watu wengine wamezunguka. Anayetaka kusema anakwenda kukaa mezani; viti vikijaa anamgusa aliyekaa bega, naye anampisha. Hakuna mwendeshaji. Mpe mtu wa kawaida kiti cha kwanza. Wakianza wataalamu watatu, wengine hawatainuka.

Unaweza pia kuyafanya mazungumzo kuwa ndiyo onyesho. Jérôme Bel, mtunzi wa densi wa Ufaransa, na Pichet Klunchun, bingwa wa densi ya khon ya Thailand, walikaa kwenye viti viwili wakielekeana, wakaulizana na kuonyeshana jukwaani, na hiyo ikawa kazi nzima. Ukijaribu umbo hili, chagua watu wawili ambao kila mmoja hakifahamu vizuri kile mwenzake anachokifanya, mpe kila mmoja nafasi ya kuonyesha kwa mwili angalau mara tatu, na uzuie maelezo yanayozidi dakika tano bila mwendo. Rafiki wawili wa siku nyingi hawafai. Watachekeana kwa mambo ambayo watazamaji hawayajui.

Yanayoharibika

Kimya baada ya swali si tatizo. Hesabu hadi kumi moyoni bila kusogea. Mwendeshaji akikijaza kimya kwa sauti yake mara mbili, watu wameshajua kwamba hawahitajiki.

Mhutubu yupo kila jioni. Dawa yake ni mbebaji wa kipaza sauti asiyekiachia mkononi mwa mtu. Akizidi dakika moja, mwendeshaji anasogea karibu, anachukua neno la mwisho alilosema na kuwapa wengine: "Umetaja uzito. Nani mwingine aliuona uzito?" Hajakatizwa, ameendelezwa.

Mtu akiikashifu kazi, usimkinge msanii kwa hotuba. Rudi kwenye kilichoonekana: "Ni tendo lipi hasa lililokukera?" Hasira yenye mahali pa kukaa inazungumzika. Lakini maneno yakigeuka kuwa juu ya mwili wa mchezaji, unene, rangi, ulemavu au jinsia yake, yakatizwe papo hapo, na hili litangazwe tangu mwanzo kuwa ndiyo mipaka.

Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Mcheza densi ya majaribio mara nyingi hachezi kwao: wanaomtazama hawajui wapi pa kushangilia wala lini imekwisha. Ndiyo maana mwisho wa kazi usiachwe bila alama. Kubaliana na fundi taa juu ya ishara moja dhahiri, mfano taa za pembeni kuzimika na za watazamaji kupanda ndani ya sekunde nane. Bila hiyo kuna sekunde ishirini za watu kutazamana, na aibu ile inaingia hadi kwenye mazungumzo.

Kosa la kawaida kwa upande wa msanii ni kueleza kazi kabla haijaonekana. Karatasi ya programu yenye kurasa mbili za nadharia huwafanya watu watafute nadharia jukwaani. Maneno 80 yatosha: majina, urefu, nani alitunga sauti, na jambo moja kuhusu namna kazi ilivyotengenezwa.

Kurekodi na baada ya hapo

Kamera moja isiyosogea, iliyoweka eneo lote ndani ya fremu, humfaa mtunzi kuliko tatu zinazokimbizana na nyuso. Sauti ya mazungumzo irekodiwe moja kwa moja kutoka kwenye mixa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, na watazamaji waambiwe. Mtu mmoja aandike sentensi za watazamaji neno kwa neno, bila majina. Mtunzi apelekewe karatasi hiyo siku mbili au tatu baadaye, si usiku ule, maana usiku ule anakumbuka lile moja lililomchoma.

Utepe wa sakafu ng'oa kabla hamjaondoka, ukiuvuta chini chini kwa pembe kali na polepole. Ukilala hadi asubuhi gundi hubaki kwenye vinaili, na kesho yake mguu wa mtu utanata hapo. Kunja vinaili kwa kuizungushia bomba gumu la karatasi, upande wa kuchezea ukiwa nje, na uandike juu yake kwa kalamu nene urefu wa kila kipande.